Maswali ya Wasomaji: Vyura Adimu wa Misitu ya Ukungu

Makala ya toleo lililopita kuhusu misitu ya Tao la Mashariki, mlolongo wa milima unaoanzia Kenya hadi kusini mwa Tanzania, iliwagusa wasomaji wengi, na barua nyingi zilizotufikia hazikuuliza habari za miti wala ndege, bali za vyura ambao tuliwataja kwa aya moja tu. Nimechagua zile zilizobeba maswali yaliyojirudia, nikazifupisha bila kubadili maana, na safu yote ya toleo hili nimewapa vyura hao, kwa kuwa wengi wao hawapatikani popote duniani isipokuwa katika milima hii na kwa kuwa habari zao hazijaandikwa vya kutosha kwa Kiswahili.

*

*Ndugu Mhariri, mliandika kwamba katika milima yetu wako vyura wanaozaa watoto walio hai. Nilifundisha sayansi katika shule ya msingi hadi nilipostaafu, na siku zote niliwaeleza wanafunzi kwamba chura hutaga mayai majini, mayai yakaanguliwa viluwiluwi, na viluwiluwi wakakua kuwa vyura. Je, nilikuwa nawapotosha watoto wa watu?*
Mwalimu mstaafu, Dodoma

Shikamoo Mwalimu. Hukuwapotosha hata kidogo, kwa sababu njia uliyoifundisha ndiyo inayofuatwa na vyura walio wengi. Duniani zinajulikana spishi zaidi ya 7,000 za vyura, na zile ambazo jike hubeba mimba na kuzaa ni chache mno. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya hizo chache imekusanyika Tanzania, katika jenasi moja, yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu, inayoitwa kitaalamu *Nectophrynoides*. Tangu mwaka 1905, mtaalamu wa Kijerumani Gustav Tornier alipoandika habari za vyura hawa kutokana na vielelezo vilivyopelekwa Berlin, wanasayansi wamekuwa wakirudi katika milima yetu kuwachunguza.

Kwa vyura wa kawaida, jike humwaga mayai nje na dume huyarutubisha yakiwa tayari yametoka mwilini. Kwa hawa, mbegu ya dume huingia ndani ya mwili wa jike, ingawa dume hana kiungo maalumu cha kufanyia kazi hiyo, na inaaminika kwamba wawili hao hugusanisha tu matundu yao ya nyuma. Mayai hubaki katika mirija ya uzazi ya mama, na hatua zote ulizozichora ubaoni, ikiwamo ile ya kiluwiluwi, hupitiwa humo humo gizani, mtoto akilishwa na kiini cha yai lake. Anapozaliwa huwa ni chura kamili mwenye miguu minne, ila ni mdogo kiasi cha kulingana na punje ya mchele. Hahitaji dimbwi, kwani hutua juu ya jani lenye unyevu na kuanza maisha.

Afrika Magharibi, katika mlima Nimba ulio mpakani mwa Guinea, Liberia na Ivory Coast, yuko ndugu yao wa mbali, *Nimbaphrynoides occidentalis*, ambaye amekwenda hatua moja zaidi. Mama wa huko hubeba mimba kwa takriban miezi tisa, na watoto hulishwa kwa majimaji yanayotolewa na mfuko wake wa uzazi.

Kwa nini mambo yawe hivi mlimani? Maelezo ninayoyaona kuwa na uzito ni haya. Katika miteremko mikali ya msitu wa ukungu maji yaliyotuama ni haba, na vijito vinavyoporomoka kwa kasi vinaweza kusomba mayai na viluwiluwi. Kinyume chake, unyevu uko kila mahali, kwenye magome, kwenye kuvumwani na chini ya majani makavu. Mnyama anayeweza kuacha kutegemea madimbwi hujipatia makazi mapana ambayo vyura wengine hawawezi kuyatumia kwa uzazi. Wako pia walioitatua shida hiyo kwa njia nyingine. Vyura wa jenasi *Callulina*, kwa mfano, hutaga mayai nchi kavu, na ndani ya yai lenyewe kiinitete hukua hadi kuwa chura mdogo bila kuogelea hata siku moja.

*

*Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tano, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia). Naomba kueleweshwa kwa nini mlima mmoja uwe na chura wake na mlima wa jirani uwe na mwingine, ilhali milima yote iko katika nchi moja na hali ya hewa ni ile ile. Na wataalamu wanajuaje kwamba ni spishi tofauti?*
Mwanafunzi, Morogoro

Mwanangu, jibu limo katika yale yaliyo kati ya mlima na mlima. Tao la Mashariki ni mlolongo wa safu 13 za milima ya miamba mikongwe, unaoanzia vilima vya Taita nchini Kenya, ukapita Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, hadi Udzungwa na Mahenge kusini. Milima hiyo hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na zinapolazimika kupanda hupoa na kuwa mawingu na mvua. Kwa kuwa unyevu huo wa bahari haukukatika hata katika vipindi ambavyo sehemu kubwa ya Afrika ilikauka, misitu ya huko imedumu kwa mamilioni ya miaka. Nyanda zilizo katikati, kwa upande mwingine, zina joto na ukame. Wewe unaweza kupanda basi asubuhi ukavuka kutoka Uluguru hadi Ukaguru, lakini kwa chura mwenye urefu wa sentimita 2, ambaye ngozi yake hukauka haraka akikosa unyevu, nyika hiyo haivukiki.

Kwa hiyo kila safu imekuwa kama kisiwa. Waliobaki juu walizaliana wao kwa wao kwa vizazi visivyohesabika, mabadiliko madogo ya urithi yakalimbikizana, na hatimaye wakawa tofauti na wenzao. Ndiyo maana *Nectophrynoides vestergaardi* ni wa Usambara Magharibi, *Nectophrynoides minutus* ni wa Uluguru, *Nectophrynoides laticeps* ni wa Ukaguru, na *Nectophrynoides wendyae* anajulikana kutoka ukingo wa msitu mmoja tu wa Udzungwa. Wakati mwingine hata mlima mmoja una spishi kadhaa, kila moja na kimo chake.

Swali lako la pili limepata jibu zuri hivi karibuni. Kwa zaidi ya karne moja, vyura wenye tezi kubwa miguuni na mabegani waliopatikana katika nyanda za juu za kusini walihesabiwa wote kuwa spishi moja, *Nectophrynoides viviparus*. Tatizo lilikuwa kwamba vielelezo vya kwanza, ambavyo jina hilo liliegemea, vilikaa katika chupa za makumbusho tangu enzi za ukoloni wa Kijerumani, na hakuna aliyekuwa na uhakika vinafanana na wapi kati ya wale wa leo. Watafiti walifanikiwa kutoa vinasaba kutoka vielelezo hivyo vikongwe, wakavilinganisha na vya vyura waliokusanywa miaka ya karibuni pamoja na vipimo vya miili na milio yao, na mwaka 2025 wakatangaza spishi tatu mpya: *Nectophrynoides saliensis*, *Nectophrynoides luhomeroensis* na *Nectophrynoides uhehe*. Ukisoma majina hayo utaona msitu wa Sali, mlima Luhombero na nchi ya Wahehe. Kwa sasa jenasi hiyo ina spishi 16.

Usidhani kwamba hii ni kazi ya kupanga majina tu. Spishi iliyodhaniwa kuenea milima mingi huonekana kuwa salama, lakini ikigundulika kwamba ni spishi nne, kila moja katika eneo lake dogo, hatari ya kila mmoja hupanda mara moja. Ukimaliza PCB na ukataka kazi isiyo na msongamano wa watu, elimu ya amfibia wa Tanzania inakusubiri.

*

*Ni kweli kwamba Ukaguru kuna chura bubu? Rafiki yangu anasema ni hadithi.*
Msomaji, Gairo

Si hadithi. Mwaka 2019 kikundi cha watafiti kilipanda milima ya Ukaguru kikimtafuta chura mwingine kabisa, *Churamiti maridadi*, ambaye alielezwa kisayansi mwaka 2002 kwa kutegemea vielelezo viwili tu kutoka msitu wa Mamiwa-Kisara. Hawakumpata. Walichokikuta ni chura mdogo wa matete ambaye hakuwa na jina, na mwaka 2023 wakamtambulisha kwa jina *Hyperolius ukaguruensis*.

Madume wa chura huyo hawatoi mlio wa kuita majike, jambo ambalo ni adimu sana, kwa kuwa kwa vyura walio wengi sauti ndiyo posa. Badala yake wana vijiba vidogo vya miiba kooni. Watafiti wanafikiri kwamba huenda jike humtambua dume wa spishi yake kwa kugusa vijiba hivyo. Ana jamaa kadhaa wenye miiba ya namna hiyo katika milima mingine, kuanzia Usambara hadi mlima Mulanje nchini Malawi.

Ububu wake una taabu moja ambayo ningependa msomaji aifikirie. Njia ya kawaida ya kuhesabu vyura ni kukaa kimya usiku na kusikiliza. Asiyelia hupatikana kwa macho peke yake, jani kwa jani, kwa tochi, kwenye mvua. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutosema upesi kwamba chura fulani ametoweka. Hata hivyo wako ambao ukimya wao umekuwa mrefu mno. *Parhoplophryne usambarica* wa Amani katika Usambara Mashariki, aliyeelezwa mwaka 1928, anajulikana kwa kielelezo kimoja tu hadi leo. *Nectophrynoides poyntoni* wa Udzungwa, aliyepatikana mwaka 2003, ametafutwa mahali pale pale na hakuonekana tena.

*

*Salaam kutoka Wundanyi. Mbona mnaandika kana kwamba Tao la Mashariki ni la Tanzania pekee?*
Msomaji, Taita Taveta

Una haki ya kulalamika. Vilima vya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao, na yuko chura wenu ambaye hapatikani popote pengine, *Callulina dawida*, aliyeelezwa mwaka 2009 na kupewa jina la vilima vyenyewe kwa matamshi ya wenyeji. Ana ngozi yenye vinundu, huenda polepole, na huishi katika vipande vya msitu vilivyobaki kama Ngangao na Mbololo. Vipande hivyo ni vidogo na vimetenganishwa na mashamba pamoja na misitu ya miti ya kupandwa, na chura asiyeweza kuvuka shamba amefungwa ndani ya kipande alichozaliwa.

*

*Mimi ni mama mkulima, nimezaliwa na kukulia Lushoto. Tulipokuwa watoto ukungu ulishuka hadi mlangoni na haukuondoka mpaka saa nne za asubuhi. Siku hizi mara nyingi unauona huko juu kileleni tu. Je, hali hii inawadhuru vyura hao mnaowasema?*
Mama wa Lushoto

Mama, umeuliza jambo zito kuliko yote yaliyomo katika safu hii, na nitalijibu kwa utaratibu.

Ngozi ya chura haina magamba, manyoya wala nywele. Kwa ngozi hiyo hiyo hunywa maji, huvuta sehemu ya hewa anayoihitaji na kusawazisha chumvi za mwilini. Ngozi inayopitisha vitu vyote hivyo kuingia ndani hupitisha maji kutoka nje vilevile, kwa hiyo hewa ikiwa kavu chura hupoteza maji bila uwezo wa kujizuia. Katika msitu wa ukungu hali hiyo huwa haimsumbui, kwa kuwa mawingu hupita katikati ya miti yenyewe, na matone madogo hunaswa na majani, kuvumwani, kangaga na okidi zilizoota juu ya matawi, kisha hudondoka hadi chini hata siku ambazo mvua haikunyesha. Miti ndiyo inayoyakamata maji hayo. Ukiwa na mlima ule ule na wingu lile lile lakini miti haipo, sehemu kubwa ya ukungu hupita ikaenda zake.

Mambo mawili yanaweza kuupandisha ukungu. La kwanza ni joto la dunia, kwani hewa ikiwa na joto zaidi hulazimika kupanda juu zaidi ndipo ipoe na kufanya wingu. La pili ni kukatwa kwa misitu ya miteremko ya chini, ambayo hupunguza unyevu unaorudishwa hewani na majani na kuacha ardhi ikipata joto kali. Chura aliyeko katikati ya mlima anaweza kuufuata ukungu juu iwapo msitu unaendelea. Aliyeko kileleni hana pa kwenda.

Mfano unaotajwa sana unatoka mbali, katika msitu wa ukungu wa Monteverde nchini Costa Rica. Huko aliishi chura ambaye dume lake lilikuwa na rangi ya chungwa iliyong'aa, *Incilius periglenes*, katika eneo la kilomita chache tu za mraba. Mwaka 1987 walionekana zaidi ya 1,500 wakiwa wamekusanyika kuzaliana. Mwaka 1989 alionekana dume mmoja. Baada ya hapo hakuonekana mwingine, na mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Asili, IUCN, liliwatangaza kuwa wametoweka. Ukame mkali ulioambatana na El Niño ya 1986 na 1987 ulilaumiwa, kupanda kwa mawingu kukalaumiwa, na baadaye ikaonekana kwamba kuna mshukiwa wa tatu ambaye huenda ndiye aliyeua kwa mkono wake mwenyewe.

Huyo ni kuvu wa ngozi anayejulikana kama kitridi, ambaye wanasayansi walimtambua mwishoni mwa miaka ya 1990. Hushambulia tabaka gumu la juu la ngozi, huharibu usawazishaji wa chumvi nilioueleza hapo juu, na mwisho moyo wa chura husimama. Kitridi hupendelea mahali penye unyevunyevu na ubaridi wa wastani, kwa hiyo milima ya ukungu, ambayo ndiyo makimbilio ya vyura adimu, ndiyo pia inayomfaa kuvu huyo. Amechangia kupungua kwa spishi zaidi ya 500 za amfibia duniani, na takriban 90 kati ya hizo zinadhaniwa kwamba zimetoweka kabisa.

Kwa hiyo, Mama, ukungu ukipungua vyura huumia, na ukungu ukibaki bado wanaweza kuumia kwa sababu nyingine. Yale uliyoyaona kwa macho yako tangu utotoni ni taarifa ya maana. Ikiwa katika kijiji chenu wako wazee wengine wanaokumbuka ukungu ulikuwa ukifika wapi na vyura gani walisikika wakati gani, naomba kumbukumbu hizo ziandikwe na vijana kabla wenye nazo hawajatutoka.

*

*Nchi yetu ina shida ya umeme. Nilisoma kwamba serikali na wafadhili walitumia fedha nyingi kumwokoa chura mmoja wa Kihansi. Kwa maoni yangu hilo lilikuwa kosa. Naomba mnijibu bila kuzunguka.*
Fundi umeme, Iringa

Ndugu yangu, nakujibu bila kuzunguka: sikubaliani nawe, lakini sababu zangu si zile unazozitarajia.

Chura wa Kihansi, *Nectophrynoides asperginis*, ni wa ukoo huu huu wa vyura wanaozaa. Yeye haishi katika msitu wa ukungu kwa maana kamili, ila katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, ambako maporomoko yalirusha matone hewani usiku na mchana na kuyafanya majani ya chini yalowe daima. Makazi yake yote duniani yalikuwa na ukubwa wa takriban hekta mbili. Aligunduliwa mwaka 1996, wakati ujenzi wa mradi wa umeme ulikuwa umekwisha kuanza. Bwawa lilipokamilika na mitambo ya megawati 180 ikaanza kazi, takriban asilimia 90 ya maji yaliyokuwa yakiporomoka korongoni yaligeuzwa kupita kwenye handaki, na mvuke wa matone ukakatika.

Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani. Korongoni kukafungwa vinyunyizio vilivyotoa matone yanayofanana na ya maporomoko, na kwa muda vyura waliobaki waliongezeka hadi kufikia maelfu. Kisha mwaka 2003 wakaporomoka kwa ghafla. Kuvu wa kitridi alipatikana katika miili ya waliokufa, na ilitajwa pia kwamba maji yaliyofunguliwa kutoka bwawani yalibeba tope na masalia ya viuatilifu. Mwaka 2004 waliobaki walihesabika kwa vidole, na mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba chura huyo ametoweka porini. Huko Marekani nako walikufa kwa wingi mwanzoni, wakanusurika katika bustani mbili tu za wanyama, Bronx na Toledo, hadi walezi walipojifunza taa, chakula na unyevu unaowafaa. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirejeshwa nchini na kutunzwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni kwao.

Sasa turudi kwenye hoja yako. Umeme wa Kihansi haukuzimwa kwa ajili ya chura. Mitambo inafanya kazi, na chura amerudishwa, jambo linaloonyesha kwamba haikuwa lazima kuchagua kimoja na kuua kingine. Gharama kubwa ilitokana na kuchelewa kujua. Kama korongo lingechunguzwa vizuri kabla ya michoro kukamilika, kiasi cha maji ya kuachwa yapite kingepangwa tangu mwanzo, na pengine safari za ndege, maabara na vinyunyizio visingehitajika kwa ukubwa ule. Wewe ni fundi, na unafahamu tofauti ya gharama kati ya kupitisha nyaya kabla ya ukuta kupigwa lipu na kuubomoa ukuta baadaye. Hapo ndipo ningeweka lawama, na si kwa chura.

Ipo pia sababu nyingine, nayo siitolei hesabu. Mnyama aliyeishi mahali pamoja tu duniani, na mahali hapo pakawa mikononi mwetu, hana mlinzi mwingine. Naona fahari kwamba nchi yetu haikumwacha.

*

*Shamba langu linapakana na hifadhi ya Uluguru. Wanakuja watu wa miradi, wanatuambia tusikate, tusilime, tusichome. Sasa na nyinyi mnaleta vyura. Sisi tule nini?*
Mkulima, Morogoro Vijijini

Mzee wangu, swali lako ni la haki, na sitakujibu kwa kukuhubiria. Anayeishi ukingoni mwa msitu hubeba mzigo ambao faida yake huwafikia walio mbali. Maji ya Uluguru hutiririka kwenye mto Ruvu, na Ruvu hunywesha jiji la Dar es Salaam. Naamini kwamba wanaofungua bomba huko chini wanapaswa kuchangia gharama za wanaouhifadhi msitu huku juu, na nitaendelea kulisema hilo katika gazeti hili.

Ninaloweza kukueleza kwa upande wa vyura ni mambo ambayo hayahitaji uache kulima. Wengi wao huishi katika majani yaliyooza, magogo yaliyoanguka na kuvumwani, kwa hiyo gogo linaloozea msituni ni nyumba, hata kama kwa macho ni takataka. Kilimo cha iliki ndani ya msitu, ambacho baadhi ya watu hukiona hakina madhara kwa kuwa miti mikubwa huachwa, husafisha mimea yote ya chini, jua na upepo huingia, na unyevu wa ardhini hupungua pale hasa chura alipo. Mipini ya majani ya migomba na mashina ya mianzi hutunza maji kidogo, na humo *Hoplophryne uluguruensis*, chura wa huko kwenu, hulea viluwiluwi wake. Ukanda wa miti kando ya kijito nao huwapa njia, na kwa bahati nzuri sheria ya mazingira ya mwaka 2004 tayari inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji.

Jambo moja zaidi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuingia makubaliano ya usimamizi shirikishi wa msitu. Kama kijiji chenu hakina makubaliano hayo, au kinayo kwenye makaratasi tu, uliza katika mkutano mkuu wa kijiji ni haki zipi zimeandikwa upande wenu, maana mara nyingi wajibu hutangazwa na haki hubaki ofisini.

*

*Mimi ni kijana ninayeongoza wageni milimani. Mgeni mmoja ameniomba nimkusanyie vyura wadogo wa rangi, atanilipa vizuri. Je, kuna ubaya?*
Kijana, Muheza

Ndiyo, kijana wangu, upo, na unaweza kukufikisha mahakamani. Hakuna anayeruhusiwa kukusanya wanyama katika hifadhi bila kibali. Watafiti wenyewe, wawe wenyeji au wageni, hupitia kwanza Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori (TAWIRI). Zaidi ya hayo, jenasi yote ya *Nectophrynoides* imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 1975, maana yake biashara ya kimataifa ya vyura hao waliotolewa porini imepigwa marufuku. Mgeni anayejua thamani yao anaijua pia sheria hiyo, na amekutafuta wewe ili mkono utakaoshikwa uwe wako.

Kazi yako halali inaweza kukulipa bila hilo. Wageni wengi huja Amani na Usambara wakiwa na hamu ya kuona vyura usiku, na kiongozi anayewajua kwa majina na makazi hutafutwa. Unapowapeleka, hakikisha viatu vyenu vimesuguliwa tope lote, vikatiwa dawa ya kuua vijidudu na kukauka kabla ya kuhama kutoka msitu mmoja kwenda mwingine, kwa sababu kuvu niliyemweleza husafiri kwenye tope na maji. Usiruhusu mtu amshike chura, hasa kwa mkono uliopakwa dawa ya mbu. Gogo lililoinuliwa lirudishwe lilivyokuwa. Ukipiga picha ya chura usiyemfahamu, andika tarehe, jina la msitu, kimo cha mahali na kama alikuwa chini au juu ya jani, kisha ipeleke kwa mhifadhi wa hifadhi husika au idara ya zoolojia ya chuo kikuu.